Vikuku Viwili Katika Mkono Mmoja

Siku Mhesabu, mashine mpya ya kuhesabu watu, alipoanza kazi, daftari la Bi Mwanjaa lilitiwa ndani ya kabati la kioo.

Kabati lenyewe lilikuwa zuri, hakuna wa kulitia kasoro. Mbao za mvule, kioo kisafi, taa ndogo ya manjano kwa juu. Ndani yake waliweka lile daftari la jalada gumu lililochakaa pembe, filimbi ya shaba yenye kamba ya singa za mkonge aliyoisuka kwa mkono wake mwenyewe, na kikaratasi kilichoandikwa: "Vifaa vya dharura vya zamani." Meneja Semkiwa ndiye aliyefunga kufuli. Kisha akawageukia wafanyakazi mia tatu na kumi na wanane waliopangwa uani, akasema, "Jamani, tumpigie makofi Bi Mwanjaa wetu."

Wakapiga. Bi Mwanjaa akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na moyoni akasema, filimbi ile haijakauka mate yangu, nayo mmeshaiita ya zamani.

Miaka ishirini na sita alikuwa mpiga majina wa Kiwanda cha Kamba cha Kwemkole. Hapo zilisukwa kamba za kushikilia tiara za umeme, zile tiara kubwa kama paa la msikiti zinazokaa juu kabisa ya milima ya Usambara, zikikamata upepo na kushusha umeme kwa waya unaopita katikati ya kamba. Watu wa nchi za mbali walijaribu kila aina ya uzi, mwishowe wakarudi kwenye mkonge. Ila mkonge ukipigwa brashi unatoa vumbi, na vumbi lile likitanda hewani linangoja cheche moja tu. Ndiyo maana king'ora kikilia watu walikimbilia nguzo ya kijani uani, na Bi Mwanjaa akapanda juu ya jiwe lake na kuita majina yote, ukumbi kwa ukumbi, kwa kichwa, daftari limebanwa kwapani. Aliyeitwa alijibu "Nipo." Na ole wako ujaribu kumwitikia mwenzio.

"Wewe Kupaza," angesema, "tangu lini umekuwa Salehe? Salehe ana kikohozi, wewe huna. Salehe yuko wapi?"

Watu wangecheka, na Salehe angetokea chooni akifunga mkanda.

Sasa kando ya nguzo ile alisimama Eliwaza Mbwambo, afisa usalama, katika gauni la buluu lililopigwa pasi kama la harusi. Bi Mwanjaa alimjua tangu alipokuja kiwandani msichana wa kupima unyevu wa kamba, hajui hata mlango wa choo uko upande gani. Alimwonyesha. Msichana akaenda kusoma, akarudi na cheo, na kwa miezi mitatu akawa anatembea nyuma ya Bi Mwanjaa akiuliza: dada, kwa nini mlango huu unaanza kabla ya ule? Dada, kwa nini unaita wanawake wa brashi kwanza? Bi Mwanjaa akamweleza yote, mpaka na yale ambayo hakuwahi kumweleza mtu, akidhani elimu yake inatunzwa. Kumbe ilikuwa inahamishwa. Leo kwenye nguzo ile kulikuwa na kibao cha shaba: "Mpango wa Dharura wa Kwemkole. Umeandaliwa na E. Mbwambo."

King'ora cha majaribio kikalia. Watu wakatoka, wakakusanyika. Na Mhesabu akasema kutoka kwenye nguzo, kwa sauti ya Eliwaza mwenyewe, tulivu kama mtu anayehesabu vikombe: "Mia tatu na kumi na wanane. Wote wametoka. Nafunga milango."

"Sekunde arobaini!" Meneja Semkiwa aliinua saa yake juu. "Bi Mwanjaa, wewe ulikuwa unachukua muda gani?"

"Dakika saba," alisema Bi Mwanjaa.

"Dakika saba ukumbi mzima umekwisha kuwa majivu."

Ilikuwa kweli, na ukweli wenyewe ndio uliomchoma. Kupaza, fundi wa korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, mtu asiyejua kufunga mdomo, akamsogelea akamnong'oneza, "Pole bibi. Umeletewa mke mwenza, na sauti anayo."

"Toka hapa," alisema Bi Mwanjaa.

*

Walimpa kazi nyingine: kugawa vikuku asubuhi na kuvipokea jioni, kwenye kidirisha karibu na lango.

Kikuku kilikuwa ukanda mwembamba wa mpira wenye matundu kama ya mkanda wa saa, na katikati kidude cha ukubwa wa mbegu ya ubuyu. Kila mtu na chake. Kikuku kilijua joto la mwili na mahali kilipo, basi. Hapo mwanzo kampuni ilitaka kisome na mapigo ya moyo, wafanyakazi wakakataa katakata, kwa sababu zilikuwa zimezagaa habari za kiwanda fulani ambako mapigo yalimwambia mwajiri nani ana mimba kabla mumewe hajajua. Eliwaza akawatetea, mapigo yakaondolewa. Hilo nalo Bi Mwanjaa alilisikia likisifiwa bwaloni siku nzima, na chai ikamshinda kunywa.

Kikuku ndicho kilichofungua milango. Ukikaribia mlango wa ukumbi wako unafunguka. Huna kikuku, unabaki umesimama kama umesahau ulichokuja kufanya. Ukiacha mashine yako zaidi ya dakika kumi, Mhesabu anamwambia msimamizi. Na siku ya moto, vikuku vyote vikishafika kwenye nguzo, Mhesabu anafunga kila mlango na kila tundu la hewa, kisha anamwaga gesi nzito inayoufukuza moto kwa kuufukuzia hewa yake. Gesi hiyo haibagui kati ya moto na mtu. Kwa hiyo hesabu lazima itimie kwanza.

Bi Mwanjaa alikuwa na macho ya kuona vitu vidogo. Wiki ya tatu aligundua jambo. Kikuku cha Nakijwa Mchomvu, binti mwembamba wa ukumbi wa brashi aliyejifungua juzijuzi, Bi Mwanjaa alikuwa anakigawa asubuhi kimefungwa tundu la tatu. Jioni kinarudi kimefungwa tundu la saba. Akatazama siku ya kwanza, akatazama siku ya pili. Siku ya tatu akaangalia mikono inayopita kidirishani, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukapita mkono mnene wa Mwanahawa, rafiki yake Nakijwa, wenye alama ya ukanda juu ya kiwiko, mahali ambapo mtu havai kikuku.

"Njoo hapa," alimwambia. "Mkono huu umevaa vikuku vingapi leo?"

Mwanahawa akatazama kulia na kushoto. "Bi Mwanjaa, nakuomba."

"Nakuuliza."

"Nakijwa ananyonyesha. Mama yake anamleta mtoto saa nne, anampitisha kwenye kidirisha cha takataka kule ghala la marobota. Mimi nakwenda kumfungulia Nakijwa mlango, narudi na kikuku chake mkononi, mashine ijue yuko kwenye brashi. Baada ya nusu saa nakwenda kumfungulia tena, na kikuku nabaki nacho mpaka jioni. Hatuko peke yetu, tunabebeana hivyo wengi."

"Nyonyesheni langoni basi, si ndivyo mlivyoambiwa?"

"Langoni hatua mia saba kwenda na mia saba kurudi, kwa dakika kumi! Mtoto atanyonya nini, upepo?" Mwanahawa akashusha sauti. "Chumba cha kunyonyeshea si wamemwekea Mhesabu? Ati ndicho chenye ukuta mnene. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuandikia barua ya kudai, mle daftarini mwako, na Meneja akatia sahihi kwamba ameipokea. Akasema miezi miwili. Leo mwezi wa kumi na moja."

Bi Mwanjaa alikumbuka. Ukurasa wa mwisho. Na daftari sasa liko ndani ya kioo, linamulikwa taa.

"Usituseme," alisema Mwanahawa. "Watatufukuza."

"Simsemi mtu."

Akamwacha aende. Akabaki na kile kikuku kiganjani, akikigeuza. Hesabu ya Eliwaza ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe Eliwaza hakuliona, pamoja na kishikwambi chake, na kibao chake cha shaba, na sauti yake. Juu ya jiwe, kwa majina, jambo hilo lisingepita hata siku moja. Alijisikia vizuri kwa namna ambayo hakuwa amejisikia tangu makofi yale. Akakirudisha kikuku tundu la tatu, akakitundika.

*

Miezi ikapita, na Jumatatu moja Eliwaza alikuja kidirishani na vikombe viwili vya chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha ndani ya kitambaa. Alikuwa hajasahau kwamba Bi Mwanjaa hapendi ya kukaanga. Hata hilo lilimuudhi Bi Mwanjaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umepotea. Wakubwa mna kazi."

"Ukubwa gani, dada." Eliwaza akacheka, akakaa kwenye kigoda. "Mwezi ujao anakuja mkaguzi. Sheria inasema mwajiri hawezi kuandika mpango wa dharura peke yake mezani. Lazima awaulize wanaofanya kazi wanavyofanya kweli, siyo wanavyotakiwa kufanya. Mimi naona watu kwenye ramani tu, vijitone vinatembea. Wewe unawaona sura. Basi nakuuliza: kuna jambo lolote watu wanalifanya ambalo Mhesabu halijui?"

Bi Mwanjaa akavunja muhogo, akautazama ulivyotoa mvuke.

Angeweza kusema. Kauli yenyewe ilikuwa fupi: wanabebeana vikuku. Eliwaza angerekebisha kabla jua halijatua, angeweka kitu cha kutambua vikuku viwili katika mkono mmoja, na mkaguzi angekuja akakuta mpango hauna kasoro, na kibao kile kingeng'aa zaidi. Na akina Nakijwa je? Wangefukuzwa. Alilishika hilo la akina Nakijwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyepata kisingizio safi. Aliahidi hatawasema. Ahadi ni ahadi.

Lakini alijua, vile mtu anavyojua harufu ya nyumba yake, kwamba Eliwaza asingewafukuzisha. Angekwenda kugombania kile chumba. Angekipata. Na wanawake wa brashi wangemwimbia.

"Dada?"

"Hakuna," alisema Bi Mwanjaa.

"Hata kidogo?"

"Mdogo wangu, mashine yako imekamilika. Kunywa chai."

*

Moto ulianza Alhamisi ya wiki ile ile, saa nne na robo asubuhi, kwenye beringi ya brashi namba tatu. Kwanza moshi mwembamba, kisha mlio kama mtu amekung'uta jamvi kubwa, na vumbi lote la pembe ile likawaka mara moja.

King'ora. Watu wakatoka kama walivyofundishwa, bila kusukumana, wanawake wa brashi mbele, nyusi zao zimejaa singa nyeupe. Bi Mwanjaa alifunga kidirisha chake akaenda kwenye nguzo, na kwa mazoea ya miaka miguu yake ikampeleka juu ya jiwe. Akasimama pale, mikono mitupu.

"Mia mbili na themanini," ilisema sauti ya Eliwaza. "Mia tatu na tano. Mia tatu na kumi na wanane. Wote wametoka. Nafunga milango. Nitatoa gesi baada ya dakika mbili."

Milango ikajifunga, mmoja baada ya mwingine, kishindo kwa kishindo. Meneja Semkiwa akapumua, akajifuta shingo. "Mnaona? Mnaona?"

Kutoka juu ya jiwe Bi Mwanjaa aliwaona wote. Akamwona Mwanahawa anapita katikati ya watu akiwashika mabega, akiwageuza nyuso, mmoja baada ya mwingine, mkono wa gauni umepanda, vikuku viwili vinaonekana. Midomo yake inauliza jambo. Watu wanatikisa vichwa.

Kwa muda wa pumzi moja, Mungu amsamehe, kilichomjia Bi Mwanjaa kilikuwa furaha. Kiko wapi kibao chako? Kisha pumzi ile ikatoka, na akilini akamwona Nakijwa amekaa juu ya robota, kifua wazi, mtoto begani, mbele ya mlango usiomjua, kidirisha nacho kimeshajifunga.

Alishuka kwenye jiwe bila kujua ameshukaje.

"Eliwaza! Simamisha!"

Eliwaza alikuwa amesimama mbele ya nguzo. Palikuwa na bamba la kuwekea kiganja, na kiganja chake ndicho pekee Mhesabu alichokitii. "Nini, dada?"

"Kuna mtu ndani. Nakijwa. Ghala la marobota, na mtoto."

"Hesabu imetimia!" alifoka Meneja Semkiwa. "Mia tatu na kumi na wanane! Eliwaza, usiguse hapo. Ukisimamisha gesi moto unashika ghala la kamba, na kiwanda hakuna tena. Huyu mama kila mtu anajua ana wivu na mashine hii tangu siku ya kwanza. Ndiyo kazi yake, kununa!"

Watu wakainamisha vichwa. Hata Kupaza alitazama chini. Na hapo ndipo Bi Mwanjaa alipoona alichokifanya: kwa miezi mingi alikuwa amenuna hadharani, na sasa neno lake halikuwa na uzito wa kumtoa mtu kwenye moto.

"Dakika moja," ilisema sauti ya Eliwaza kutoka kwenye nguzo.

Bi Mwanjaa akageuka, akarudi juu ya jiwe, akajaza kifua. Hakuwa na filimbi. Aliita kama alivyoita miaka ishirini na sita, jina moja tu.

"Nakijwa Mchomvu!"

Ua mzima ukanyamaza. Kimya kile kilijibu.

"Anaitwa na hayupo!" alilia Mwanahawa, akainua mkono wenye vikuku viwili. "Hiki hapa chake! Mimi ndiye ninacho! Mungu wangu, nilidhani ametokea kwenye kidirisha!"

"Kikuku kimoja hakithibitishi..." alianza Meneja.

Eliwaza hakumsikiliza. Aliweka kiganja kwenye bamba. Na nguzo ikamuuliza kwa sauti yake mwenyewe, ile ile tulivu: "Hesabu imetimia. Je, una hakika?"

Eliwaza akamtazama Bi Mwanjaa usoni, akatazama muda mrefu kuliko walivyokuwa nao.

"Nina hakika," alisema.

Gesi ikazuiwa. Kupaza na wenzake watatu wa kikosi cha moto walikuwa wameshavaa vinyago. Bi Mwanjaa akampokonya Mwanahawa kile kikuku, akampa Kupaza. "Mlango hautafunguka bila hiki. Ingia, shika ukuta wa kushoto, nyuma ya marobota ya daraja la tatu. Atakuwa pembeni ya kidirisha cha takataka. Nenda!"

Wakaingia. Moshi ukawameza. Paa la ukumbi wa brashi likaanza kukunja bati kama jani la mgomba jikoni. Meneja Semkiwa alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, mikono kichwani, akisema kiwanda, kiwanda. Hakuna aliyehesabu muda tena, mashine wala mtu.

Walipotoka, Kupaza alikuwa amembeba Nakijwa begani kama robota, mkono wake mwenyewe umeungua mpaka kiwiko. Mwenzake alikuwa na furushi la kitenge kilicholowa. Watu wakasogea. Furushi likakaa kimya. Kisha likakohoa, likakohoa tena, likalia kwa hasira.

*

Siku ya nane uchunguzi ulifanyika bwaloni. Nusu ya kiwanda ilikuwa imeungua. Mtoto alikuwa bado hospitali, anapumua vizuri. Nakijwa alikuja, sauti imekauka, akaketi mbele pamoja na Mwanahawa, wote wawili wameshikana mikono. Barua zao za kufukuzwa zilikuwa zimeshachapwa.

Mkaguzi, Bi Lukumay, alikuwa mwanamke mrefu anayechonga penseli kwa wembe. Sheria ilitaka ushahidi wa ajali uandikwe kwa mkono, mashine isije ikajishuhudia yenyewe.

Meneja Semkiwa alisoma maelezo ya kampuni. Mpango ulikuwa kamili. Vikuku vilikuwa vizima. Wafanyakazi wawili walivunja kanuni kwa hiari yao na kuhatarisha maisha. Akakaa.

"Eliwaza Mbwambo," alisema mkaguzi. "Wewe ndiye uliyeandaa mpango. Kabla ya hapo uliwauliza wafanyakazi wanavyofanya kazi?"

Bi Mwanjaa, aliyekaa benchi la nyuma, akashika ukingo wa benchi. Sasa atasema: Nilimuuliza Bi Mwanjaa, akaniambia hakuna. Neno hilo moja lingemsafisha Eliwaza kabisa, na lilikuwa kweli.

Eliwaza alisimama. Gauni lile lile la buluu, lakini halikupigwa pasi.

"Sikuuliza vya kutosha," alisema. "Kosa ni langu."

"Ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza vya kutosha, mheshimiwa. Andika hivyo."

Bwalo lilinung'unika kwa huruma. Mwanamke mmoja wa brashi akasema, "Maskini, anabeba peke yake." Mwingine akasema, "Huyo ndiye mtu."

Na Bi Mwanjaa, pale benchi la nyuma, akakitambua kile kitu cha zamani kinaamka, maana alikuwa amekaa nacho miezi mingi. Eliwaza alikuwa amechukua jiwe. Alikuwa amechukua sauti, na majina, na makofi. Sasa anachukua na kosa, tena kosa lisilo lake, na watu wanamlilia. Hata hapa! Hata kwenye uchafu wangu mimi, yeye ndiye anatoka msafi!

Akasimama. Benchi likalia.

"Mheshimiwa mkaguzi, huyo anadanganya."

Vichwa vikageuka. Meneja Semkiwa akatabasamu kidogo.

"Aliniuliza. Jumatatu moja, kwenye kidirisha changu, na chai ya tangawizi. Aliniuliza kama kuna jambo watu wanalifanya ambalo mashine hailijui. Nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalijua tangu wiki ya tatu, kwa matundu ya ukanda. Nikamwambia hakuna."

Penseli ya mkaguzi ikasimama. "Kwa nini?"

Bi Mwanjaa alikuwa na lile jibu safi la akina Nakijwa, la ahadi. Lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza.

"Wivu."

Mkaguzi akaitazama fomu yake juu mpaka chini. "Hapa pana uzembe, pana kutojua, pana kuagizwa na mkubwa. Hilo ulilosema halina nafasi yake."

"Andika pembeni basi. Na ukimaliza, twende pale langoni, kuna kabati la kioo. Meneja anao ufunguo. Ndani kuna daftari langu, alilifungia yeye mwenyewe bila kulifunua. Ukurasa wa mwisho pana barua ya wanawake kumi na tisa wanaodai chumba chao cha kunyonyeshea, chumba ambacho sheria inamtaka mwajiri awape, naye akaiweka mashine humo. Chini pana sahihi yake na tarehe. Hawa wawili walibebeana vikuku kwa sababu hiyo. Mimi unifukuze, ninastahili. Hawa, soma kwanza."

Tabasamu la Meneja Semkiwa lilikuwa bado usoni, limesahauliwa pale. Mkaguzi alinyoosha mkono mbele yake, kiganja juu, bila kusema neno, mpaka Meneja akaanza kupapasa mifuko.

Watu wakamwagika kuelekea langoni, kila mtu akitaka kuona kabati likifunguliwa. Bi Mwanjaa akabaki amesimama. Eliwaza akaja taratibu, akasogeza benchi, akamshika kiwiko, wakaketi.



"Ungeninyamazia tu, dada," alisema Eliwaza. "Mimi nilikuwa nimeshakusamehe."

Bi Mwanjaa akamgeukia. Macho yalikuwa yamejaa, lakini kidevu kilikuwa juu, kama zamani pale juu ya jiwe.

"Nikuachie wewe na hili pia?"